Wale Wadogo Waliopiga Magoti

Mjukuu wangu Rehema alinipeleka kuangalia picha, nikarudi nyumbani na hasira ambayo mpaka leo haijanitoka. Naiandika kwa ajili ya wenzangu wa rika langu, ninyi mliosoma shule za misheni na kukaririshwa katekisimu kwa fimbo, kwa sababu vijana nikiwasimulia wananiambia "pole, Babu," kisha wanarudi kwenye simu zao. Sitaki pole. Nimepewa pole nyingi maishani, hakuna hata moja iliyonisaidia.

Rehema anasomea sanaa, na mwalimu wake alikuwa amewaagiza wakachore chochote kwenye jumba moja la makumbusho katikati ya London. Mama yake, binti yangu Anastazia, alikuwa zamu kwenye nyumba ya kulelea wazee. Akasema nimsindikize mtoto badala ya kukaa ndani hapa Edmonton nikigombana na televisheni. Tukapanda treni, tukapanda basi, tukaingia. Vyumba vya mwanzo vilikuwa vya farasi na wanawake wanene wasio na nguo, nikavipita haraka. Kisha tukaingia chumba chenye mwanga hafifu, na ukutani mbele yetu palikuwa na dhahabu.

Nikasimama palepale. Katikati ya picha, Mama Bikira ameketi kwenye kiti cha enzi, Mtoto pajani, kichwa kimeinama upande kama cha mtu anayesikiliza mlango. Kushoto na kulia, watakatifu warefu wembamba, mmoja ameshika upanga, mwingine funguo, kila mmoja na duara la dhahabu kichwani. Nyuma yao hakuna mawingu, hakuna miti, hakuna nyumba. Ni dhahabu tupu, iliyodonolewa vitundu vidogo vidogo ili imetemete. Na chini kabisa, kwenye miguu ya Mama, watu wawili wadogo wamepiga magoti, kimo chao hakifiki goti lake. Chumba kile hakikuwa na harufu yoyote, lakini pua yangu ilijaa nta ya mishumaa na mbao mbichi zilizorandwa.

"Hii ya Italia," Rehema akasema. "Ya zamani sana, Babu. Miaka mia sita, mia saba."

"Naijua."

"Unaijua wapi?"

"Soma hapo pembeni. Hao wadogo ni akina nani?"

Rehema amezaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote, ila kukisema ni mpaka umbane. Akasoma maelezo ya ukutani kimya kimya, midomo ikicheza, halafu akaanza kunitafsiria. "Wanasema huyu ni mfanyabiashara. Na huyu mke wake. Wao ndio wamelipia hii picha. So mchoraji amewaweka ndani, ili watu wakisali wawakumbuke. Amewafanya wadogo sababu wao si watakatifu. Zamani walikuwa wanafanya hivyo."

"Si watoto?"

"No, Babu. Watu wazima. Ona, ana upara."

Nikasogea. Alikuwa na upara kweli, na kidevu cha pili, na ndevu za juzi zilizochorwa unywele mmoja mmoja. Mkewe alikuwa na mikunjo pembeni mwa mdomo. Nikapiga kelele. Sikumbuki neno gani lilitangulia. Najua lilikuwemo "waongo," na lilikuwemo jingine ambalo sikuwahi kulitamka mbele ya mjukuu. Mwanamke mmoja Mzungu akamvuta mtoto wake. Mlinzi wa chumba, mwanamume mnene, mweusi, mwenye koti lililombana tumboni, akaja kwa hatua ndefu, na badala ya Kiingereza akanisemesha Kiswahili cha Kongo.

"Papa, ile sauti, tafazali. Watu banaogopa."

"Waogope!"

"Ile picha imekukosea nini?"

"Imeninyang'anya mama."

Akaniangalia, akaiangalia picha, akaniangalia tena. Nadhani alikuwa akitafuta kitu cha kusema ambacho hakikuwa kwenye mafunzo yake ya kazi. "Basi kaa pale kwa benchi, Papa. Sheria inakataza kugusa. Kukasirika haikatazi."

Nikakaa. Rehema akakaa karibu yangu na daftari lake la kuchorea likiwa limefungwa, nami nikamwambia haya ninayowaandikia ninyi.

Picha ya kwetu haikuwa hii. Ya kwetu ilikuwa nakala, kazi ya mafundi wa mji aliotoka padre wetu, waliofuata picha ya kale ya kanisa lao. Lakini dhahabu yake ilikuwa dhahabu, na mpangilio ulikuwa huu huu: Mama, watakatifu, wadogo wawili chini. Ilifika misheni kwetu, kwenye milima ya Iringa, juu ya lori, ndani ya kasha refu lililojazwa nyasi kavu. Padre tulimwita Padre Ndevu. Kasha lilipofunguliwa alilia machozi, na sisi watoto tulicheka mpaka tukafukuzwa, maana hatukuwa tumewahi kuona Mzungu akilia.

Baba yangu alikuwa seremala wa misheni. Yeye ndiye aliyetengeneza fremu ya mninga na kuipandisha picha ukutani nyuma ya altare, juu kabisa, akining'inia kwenye kamba huku Padre akimwelekeza kutoka chini kwa lugha mbili. Pale karakana hakuna aliyemshinda kwa randa wala kwa patasi. Lakini usimamizi hakupewa, kwa sababu hakuwa amebatizwa, na hakuwa amebatizwa kwa sababu alikuwa na wake wawili. Mke wa kwanza nilimwita Mama Mkubwa. Wa pili alikuwa mama yangu. Kati ya watoto aliowazaa nilibaki mimi peke yangu. Wengine waliondoka wachanga. Na mimi nilipougua, alinifunga mgongoni akaenda nami mpaka zahanati ya masista, nao kabla ya kunipa dawa wakanimwagia maji na kuniita Luka. Tangu siku hiyo yeye akawa Mama Luka kwa kila mtu. Kwa hiyo mkumbuke hilo wakati mnasoma yanayofuata. Hawakuja kunichukua. Yeye ndiye aliyenipeleka kwao, kwa miguu yake, kwa kutaka niishi.

Mnakumbuka jinsi kanisa lilivyogawanywa enzi zile. Wasiobatizwa na wake za wenye wake wengi walisimama nyuma, karibu na mlango, na mvua ikinyesha iliwapiga migongoni. Sisi watoto tuliobatizwa tulikaa mbele kabisa, sakafuni, lakini kati yetu na altare palikuwa na kizuizi cha mbao ambacho hatukuruhusiwa kukivuka. Kutoka pale chini, mishumaa ikiwaka, dhahabu ilitembea. Ilipanda na kushuka kama maji ya mto yanapopigwa na jua, na sura za watakatifu zikamezwa na ule mng'ao. Ila wale wawili wadogo, mmoja wa nguo nyekundu na mmoja wa nguo nyeusi, niliwaona vizuri, au nilidhani nawaona. Walikuwa wadogo kama mimi. Walipiga magoti kama mimi. Ni nani mwingine duniani ana kimo kile kama si mtoto?

Nikamwuliza katekista wetu, Mwalimu Filipo. Huyu alikuwa mtu asiyejua kusema "sijui." Laiti angelisema neno hilo moja siku ile! Alikuwa akitafuta ufunguo wa sakristia mifukoni, akanijibu bila hata kunitazama.

"Wale ni watoto waliomchagua Mama wa Mbinguni."

"Wamewaacha mama zao?"

"Ndiyo. Ndiyo sababu wako kwenye dhahabu. Haya, nipishe."

Basi. Mtu mzima, ameshiba ugali, alibuni jambo papo hapo ili mtoto ampishe njia, nami nikalimeza kama nilivyomeza amri kumi. Kuanzia siku ile sikusali tena kwa maneno. Niliwatazama wale wawili na kuwaonea wivu. Nilijizoeza kupiga magoti kama wao, mgongo wima, viganja vimekutana, kidevu juu, mpaka Mama Mkubwa akaniuliza kama shingo inaniuma.

Nilimwambia na Padre Ndevu mwenyewe. Alikuwa ametoka kanisani, amesimama kwenye ngazi akiwasha kiko. Nikamwambia, "Padre, na mimi nitakuwa kama wale watoto wawili chini ya Mama." Alitoa kiko mdomoni, akanitazama kwa muda, halafu akacheka na kunishika kichwa. "Bravo, Luka! Bravo!"

Sasa sikilizeni ninachosema. Padre yule alikulia mbele ya ile picha ya kale ya kwao. Alibatizwa chini yake; alituambia mara nyingi tulipokuwa tunachoka na mahubiri. Hakuna namna ambayo hakujua ni akina nani waliopiga magoti pale. Kwao hata mtoto wa kuchunga kondoo lazima alijua ni tajiri na mkewe. Angeweza kunirekebisha kwa sentensi moja, palepale kwenye ngazi, kiko mkononi. Hakunirekebisha, na nimejua sababu nikiwa mzee, kwenye benchi ya makumbusho: uongo ule ulikuwa unamfanyia kazi.

Maana wakati huo huo alikuwa anambana Baba. Hakupiga kelele wala kutisha. Alikuja karakana alasiri, akapapasa ubao uliorandwa kama mtu anayepapasa shingo ya farasi, akasema, "Yosefu." Tayari alikuwa amempa jina. "Yosefu, mikono umeshampa Mungu. Moyo utampa lini?" Akibatizwa, atakuwa msimamizi wa karakana na atapata nyumba ya matofali. Atafunga ndoa kanisani na mke wa kwanza. Wa pili arudi kwao. Ndivyo ulivyokuwa utaratibu, na mnaosoma haya mnajua nyumba ngapi zilivunjwa hivyo, mchana kweupe, huku wimbo unaimbwa.

Baba hakuwa mtu mbaya, na hilo linanikera zaidi. Mtu mbaya ungemchukia ukamaliza. Alisitasita tangu kupanda mpaka kuvuna. Mwishowe wajomba zangu wawili waliitwa. Walikuja na kibuyu cha ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, wakakaa barazani kwa Mama Mkubwa pamoja na Baba na Mwalimu Filipo, aliyetumwa na Padre.

"Shemeji," Mjomba mkubwa akaanza, "dada yetu amekunyima chakula?"

"Hapana," Baba akasema.

"Amekutukana?"

"Hapana."

"Amelala kwa watu?"

"Hajanikosea kitu."

"Basi tunamrudisha nyumbani kwa kosa la nani?"

Mwalimu Filipo akaingilia. "Si kosa, ndugu zangu. Ni sheria ya Mungu."

"Mwalimu," Mjomba mdogo akasema, "wewe kunywa ulanzi. Mungu tutamwuliza mwenyewe akija."

Wakacheka wote, na Baba akacheka. Nilimwona. Ilikuwa miezi sijamwona akicheka, na naamini kicheko kile ndicho kilichomfungua, kwa sababu aliweka kikombe chini akasema, "Luka ni mtoto wake pekee. Akienda, mtoto anabaki kwetu, ndiyo mila. Siwezi kumfanyia mtu hivyo. Nitamwambia Padre nimeshindwa."

Mngeona uso wa Mwalimu Filipo. Mama alikuwa ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha, anachambua mboga kana kwamba mazungumzo hayamhusu. Hakuinua macho. Akasema, "Mwulizeni Luka mwenyewe. Akisema nibaki, nabaki, na huyo Padre aje anitoe hapa kwa mkono wake." Hakusema kwa wasiwasi. Alisema kama mtu anayejua jibu, anayetaka tu wengine walisikie.

Nikasimama kama tulivyofundishwa kusimama kwenye katekisimu, mikono pamoja, kidevu juu.

"Nenda, Mama," nikasema. "Mimi nimemchagua wa dhahabu."

Mboga zikabaki mkononi mwake. Mwalimu Filipo akapiga makofi. "Mmesikia? Mmesikia? Mungu amesema kwa kinywa cha mtoto!" Wajomba walikitazama kibuyu. Baba, ambaye alikuwa ameshapata pa kutokea, alipaona pamezibwa na mwanawe mwenyewe, akainama akatazama viganja vyake.

Mama akaniuliza taratibu, "Huyo ana nini ambacho mimi sina?"

"Ana dhahabu."

Najua mtasema nilikuwa mtoto. Mke wangu, Mungu amrehemu, angesema hivyo kama ningewahi kumwambia. Padri wa hapa London alisema hivyo wiki iliyopita, kwa upole mwingi. Ndicho kinachonichoma! Walijua kuwa mimi ni mtoto. Watu wazima wanne wamekaa barazani, wameshindwa kuamua, wakaona nafuu uamuzi utoke kwenye mdomo wa mtu ambaye bado meno yanamng'oka, halafu wakamsingizia Mungu.

Asubuhi ya kuondoka kwa Mama, Mama Mkubwa alikuwa nyuma ya nyumba analia na mwiko mkononi. Hao wawili walikuwa wakigombana kama watu wote wa jiko moja, lakini siku ile nilimsikia akisema peke yake, "Mdogo wangu anaondoka, mimi nabaki na pete. Pete nitaisongea ugali?" Mama alikuwa amefunga chungu, jembe na nguo zake. Wajomba walimsubiri barabarani. Yeye akanishika mkono, akaingia nami kanisani.

Hakusimama nyuma. Alipita pale mlangoni aliposimama Jumapili zote, akaenda katikati moja kwa moja, akanyanyua kanga kidogo akavuka kile kizuizi kwa miguu yake yenye vumbi. Mimi nilibaki upande wa pili. Mwalimu Filipo alikuwa anabadilisha mishumaa.

"We mwanamke! Huko hakuruhusiwi!"

"Namwangalia aliyenichukulia mtoto. Nikimaliza natoka."

Akasimama chini ya picha, shingo ameilaza nyuma. Jua la asubuhi lilikuwa linaingia dirishani upande, hakuna mshumaa uliowaka, na dhahabu ilikuwa imetulia. Alitazama kwa makini, kama alivyotazama mbegu kabla ya kuzinunua. Halafu akaguna.

"Luka, njoo hapa."

"Hairuhusiwi."

"Njoo uone. Hawa si watoto. Huyu ana upara. Na huyu mwanamke amezeeka kuliko mimi. Hawa ni watu wazima, mwanangu, wamefanywa wadogo tu. Njoo uangalie kwa macho yako."

Nikafumba macho. Niliyafumba kwa nguvu, kama mtoto anayepewa kwinini. Sikutaka kuona. Tayari nilikuwa nimeshalipa, ingawa sikujua hivyo, na mtu aliyeshalipa hataki kuambiwa kitu alichonunua ni bandia. Nikasema, macho yakiwa yamefumbwa, "Unaona wivu tu. Kwa sababu wewe huna dhahabu."

Hakunipiga. Nilimsikia akivuka kizuizi, nikasikia harufu yake ikipita karibu yangu, moshi na mafuta ya nyonyo, kisha nikasikia mlango. Nilipofumbua macho, Mwalimu Filipo alikuwa amepiga magoti na kitambaa, anafuta nyayo za Mama kwenye ngazi za altare. Kutoka karakana randa ya Baba ilikuwa inalia bila kupumzika, na iliendelea kulia mpaka mchana, wala jioni sikuona ubao wowote aliokuwa ameumaliza.

Pasaka ile Baba akawa Yosefu. Padre Ndevu alihubiri habari ya mtoto Luka aliyemchagua Mama wa Mbinguni, akanisimamisha mbele ya watu wote. Nilivimba. Lazima niandike hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilivimba kwa fahari, nikatazama nyuma, mlangoni, kuona kama Mama ananiona.

Alifariki kwa kaka zake, kwa homa, nikiwa madarasa ya juu. Niliambiwa baada ya maziko, uani pa shule, na aliyeniambia alikuwa na haraka. Na hapo yanaanza makosa ya utu uzima wangu, ambayo simsukumii padre yeyote. Kwao hapakuwa mbali. Palikuwa mwendo wa kutwa. Sikuenda alipokuwa hai, na alipofariki sikwenda kuona kaburi. Nilipofika sekondari nikaona wenzangu wenye heshima ni wale wa ndoa ya pete, nikasema mama yangu ni Anastazia, yaani Mama Mkubwa. Nilimwambia hivyo mchumba wangu. Niliwaambia hivyo wanangu, na binti yangu nikamwita jina hilo. Mama Mkubwa alinilea vizuri, simnung'unikii. Lakini mara ya kwanza nilimtoa mama yangu nyumbani nikiwa sijui nifanyalo. Mara ya pili nilimtoa duniani kabisa, nikiwa nimevaa tai.

Rehema hakuniambia pole. Nilipomaliza alikuwa analia kwa namna ya vijana wa hapa, bila sauti, anajifuta kwa mkono wa sweta. Tukasimama. Yule mlinzi Mkongo akatufuata mpaka mlango wa chumba.

"Umemaliza, Papa?"

"Bado."

"Basi urudi kesho. Hakuna kiingilio."

Tulipanda basi, tukakaa juu, mbele kabisa, anapopenda yeye. Mvua ilikuwa inaanza. Rehema akaniuliza, kwa Kiswahili, bila mimi kumbana.

"So Bibi Anastazia si mama yako."

"Si mama yangu."

"Mum anajua?"

"Atajua leo akitoka zamu."

"Na mama yako mwenyewe, alikuwa anaitwa nani?"

"Mama Luka."

"No, Babu. Hilo ni jina lako. Jina lake."

Basi likasimama, watu wakashuka, likaondoka, nami bado nalitafuta. Mtoto wa kwetu hatamki jina la mzazi. Ni utovu wa adabu, na usipolitamka hulisikii, na usipolisikia hulijui. Baba alimwita Mama Luka. Mama Mkubwa alimwita "mdogo wangu." Kwenye vitabu vya misheni hayumo, kwa kuwa hakubatizwa. Nilikuwa na maisha mazima ya kuuliza, wakati bado wako hai watu wa kunijibu, na sikuuliza hata mmoja.

Niliketi kwa hasira usiku kucha nikingoja kuche Iringa, nikampigia binamu yangu, binti wa Mjomba mdogo, ambaye ndiye mkubwa aliyebaki upande ule. Alifurahi kunisikia. Aliuliza habari za baridi, za watoto, za mguu wangu. Nikamkatiza, nikamwuliza.

"Mh!" akasema. "Sisi tulimwita Shangazi."

"Na baba yako alimwitaje?"

"Alimwita Dada. Wote wawili walimwita Dada."

"Jina lake, nauliza. Jina alilopewa alipozaliwa."

Nilisikia jogoo kwake, na mtu akifagia uwanja.

"Kaka Luka," akasema, "wewe ndiye mwanawe. Unatuuliza sisi?"